Hundi ya milioni 30, fedha milioni 18: tusaini?

Kwako Mshauri,

Salaam kutoka Singida. Mimi ni mratibu wa asasi ndogo isiyo ya kiserikali inayoshughulika na maji vijijini. Tumesajiliwa, tuna ofisi ya vyumba viwili, pikipiki moja na wafanyakazi wanne, na kwa miaka sita sasa kazi yetu kubwa imekuwa kukaa na wanavijiji, kuzisaidia jumuiya zao za watumia maji kusimama, na kufuatilia ili pampu isije ikafa kwa kukosa mpira wa shilingi elfu kumi na tano. Nayaeleza haya ili ujue kwamba fedha hatuna, ila jina tunalo. Tukiita mkutano, watu wanakuja.

Mwaka jana kiwanda kimoja cha kukamua na kusafisha mafuta ya alizeti kilitufuata, kikataka tushirikiane katika kile walichokiita kurudisha kwa jamii. Waliahidi shilingi milioni 30 kwa ajili ya tangi na vituo vya kuchotea maji katika shule moja ya msingi. Siku ya makabidhiano yalifungwa maturubai, ukapigwa muziki, zikagawiwa tisheti mia mbili zenye nembo yao, waandishi wakaletwa kwa gari kutoka mjini, nami nikapewa kushika upande mmoja wa mfano wa hundi wenye urefu wa mtu mzima, ulioandikwa milioni thelathini kwa tarakimu na kwa maneno. Fedha zilizoingia kwenye akaunti yetu, kwa awamu tatu ndani ya miezi saba, zilikuwa milioni 18. Ule mfano wa hundi tumeuegemeza kwenye dirisha la ofisi lililovunjika kioo, unatukinga upepo, na upepo wa Singida unaujua.

Sasa wamerudi na mradi wa milioni 65: visima virefu viwili, pampu za sola na matangi, katika vijiji viwili vilivyo jirani na kiwanda. Vijiji vyenyewe vina uhitaji wa kweli. Ila ndivyo hivyo hivyo ambavyo kwa miaka miwili vimekuwa vikilalamika kwamba maji machafu ya kiwanda yanaachiwa kwenye korongo linaloingia katika bwawa la kunyweshea mifugo. Mimi mwenyewe nimefika pale korongoni, nikaona utando wa mafuta juu ya maji na ukingo wa matope meusi uliojichora kwenye mawe.

Masharti yao ni haya. Kila shilingi iingie kwenye vyuma na saruji, pasiwe na senti ya mishahara, usafiri wala vikao. Makabidhiano yafanyike kabla ya tarehe 15 Desemba, kwa kuwa mgeni rasmi amekwisha alikwa. Picha na majina ya wanafunzi watakaonufaika zitumike katika matangazo yao. Na kipengele cha 9 cha rasimu kinasema kwamba asasi yetu "haitatoa kauli yoyote inayoweza kuathiri taswira ya kampuni" wakati wa mradi na kwa miaka mitatu baada yake.

Bodi yetu imegawanyika. Mwenyekiti, ambaye ni mwalimu mkuu mstaafu na mzee ninayemheshimu sana, anasema mkono usioweza kuukata, ubusu. Wanawake wanaamka saa tisa usiku kufuata maji, sisi tunajadili vipengele. Mhasibu wetu, binti wa miaka 26, anasema tukisaini yeye anaacha kazi. Mimi niko katikati, na sitakuficha kwamba mishahara yetu ina miezi minne haijalipwa, kwa hiyo hata akili yangu siiamini sana.

Je, tukubali visima hivi au tukatae? Nimesahau jambo moja: kabla ya kusaini mkataba mpya wanataka tuwape stakabadhi ya milioni 30 za mwaka jana ili wafunge hesabu zao. Wanasema zile milioni 12 zilitumika kwenye sherehe "kwa niaba yenu".

Mratibu, Singida

JIBU

Ndugu Mratibu,

Jambo ulilolisahau ndilo nitakaloanza nalo, kwa sababu ndilo pekee katika barua yako lisilo na pande mbili. Msisaini stakabadhi ya milioni 30. Stakabadhi ni ushahidi kwamba fedha zimefika mikononi mwenu, na milioni 12 hazikufika. Hesabu zenu hukaguliwa, na ripoti yenu ya mwaka hupelekwa kwa Msajili wa Mashirika Yasiyo ya Kiserikali. Mkaguzi atakapoiweka stakabadhi ya milioni 30 kando ya taarifa ya benki ya milioni 18, swali la kwanza atakalouliza litakuwa zilikwenda wapi nyingine, na atakayeulizwa ni wewe, si afisa uhusiano wa kiwanda, ambaye huenda wakati huo atakuwa amehamia kampuni nyingine.

Kuna upande wa pili wa karatasi hiyo ambao pengine hamkuufikiria. Kwa Sheria ya Kodi ya Mapato ya mwaka 2004, kampuni inayochangia taasisi ya hisani inayotambuliwa hivyo na Mamlaka ya Mapato inaweza kuutoa mchango huo katika mapato yanayotozwa kodi, kwa kikomo cha asilimia 2 ya mapato yake ya biashara. Sidai kwamba wenzenu wana nia hiyo, kwani nimewahi kuona maombi ya namna hii yakitoka kwa mhasibu mchovu anayetaka tu namba zake zilingane. Lakini nia yao haitabadilisha maana ya saini yako. Waandikieni stakabadhi ya milioni 18, yenye tarehe za awamu zote tatu, pamoja na barua fupi inayosema kwamba mnatambua kuwa kampuni iligharimia yenyewe sherehe ya makabidhiano kwa kuwalipa watoa huduma moja kwa moja, na kwamba gharama hizo hazikupita katika akaunti za asasi. Maturubai, muziki na tisheti zenye nembo ni gharama za kujitangaza, na kampuni ina haki kamili ya kujitangaza na ya kuziingiza gharama hizo kwenye vitabu vyake kwa jina lake. Kisichoruhusiwa ni kuziita maji ya watoto wa shule.

Mpe mhasibu wako salamu zangu, na kabla ya yote mlipeni mshahara wake.

Sasa tuje kwenye visima. Ni vyema ujue ninapoongelea: kabla ya kuanza kuandika safu hii nilikaa miaka kadhaa upande wa pili wa meza, katika idara ya mahusiano ya jamii ya kampuni moja, nikipokea barua za asasi kama yenu. Kwa hiyo kampuni kutaka sifa hakunishtui. Mwaka 1983, nchini Marekani, American Express iliahidi kutoa senti moja kila mteja alipotumia kadi yake, na dola moja kwa kila kadi mpya, kwa ajili ya ukarabati wa Sanamu ya Uhuru. Ikachanga dola milioni 1.7, na wakati huo huo biashara yake ya kadi ikapanda sana. Kila mtu alijua nani anapata nini, na sanamu ikakarabatiwa. Ubia wa kampuni na asasi huharibika pale ambapo faida ya upande mmoja imefichwa ndani ya kipengele, au gharama ya upande mwingine imefanywa kana kwamba haipo. Rasimu mliyoletewa ina yote mawili.

Elewa pia kwamba kiwanda hiki hakilazimishwi na mtu. Kampuni za madini hapa nchini, tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2017, zinatakiwa kuandaa kila mwaka mpango wa uwajibikaji kwa jamii na kuukubali pamoja na halmashauri ya eneo husika. India imekwenda mbali zaidi, kwani sheria yao ya kampuni ya mwaka 2013 inazitaka kampuni zilizofikia ukubwa fulani kutumia walau asilimia 2 ya wastani wa faida ya miaka mitatu iliyotangulia. Kiwanda cha alizeti hapo Singida hakina sharti la namna hiyo, na maana yake kwenu ni kwamba hakuna kanuni ya nje itakayowaambia ahadi yao ilikuwa nini, ililipwa lini na nani alaumiwe isipotimia. Kitakachowaambia ni mkataba wenu peke yake. Mwaka jana, naona, mkataba wenu ulikuwa ule ubao wa hundi wa dirishani.

Nianze na kipengele cha 9, kwa sababu mwenyekiti wako atasema ni maneno tu. Kampuni ina haki ya kutunziwa siri za biashara: bei inayonunulia alizeti, wateja wake, mipango yake ya kupanua kiwanda. Hizo tunzeni. Lakini kauli "inayoweza kuathiri taswira" ni pamoja na majibu ya maabara. Ni pamoja na wewe kusimama kwenye mkutano wa kijiji, mama mmoja akakuuliza kama ng'ombe wake waendelee kunywa bwawani, nawe ukatazama chini. Asasi inayofanya kazi ya maji ikishajifunga hivyo, katika vijiji vile vile vinavyolalamikia maji machafu ya kampuni ile ile, kisima kinakuwa malipo ya kimya, na wanakijiji watalielewa hilo mapema kuliko bodi yenu. Mlilolijenga kwa miaka sita, lile la mkiita mkutano watu wanakuja, ndilo hasa kiwanda kinalotaka kulinunua, na nadhani ndiyo sababu hawakwenda moja kwa moja kwenye vijiji hivyo bali walipitia kwenu.

Pendekezeni maneno mbadala, kwa sababu kampuni hukubali kwa urahisi zaidi kubadilisha kipengele kuliko kukifuta. Unaweza kuandika hivi: "Kila upande utatunza siri za kibiashara za mwenzake. Hakuna kitakachoizuia asasi kutoa taarifa kwa mamlaka za serikali au kwa wananchi kuhusu ubora wa maji, usalama wa watu na mazingira. Pale inapowezekana, asasi itaijulisha kampuni kwa maandishi siku saba kabla." Zile siku saba ni adabu ya ubia, na meneja anayejua kazi yake atazipenda, kwa kuwa zinampa nafasi ya kuziba bomba kabla ya kusikia habari yake redioni.

Suala la korongo lenyewe lisiwekwe ndani ya mazungumzo ya visima. Mkilifanya kuwa sharti, mtaonekana mnapandisha bei. Mkilinyamazia, mtakuwa mmekwisha saini kipengele cha 9 bila kalamu. Andikeni barua tofauti kwa uongozi wa kiwanda, yenye tarehe mliyofika, mlichokiona kwa macho na ombi la kupewa matokeo ya vipimo vya maji yanayotoka kiwandani, kisha nakala iende kwa afisa mazingira wa halmashauri. Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira, NEMC, lina mamlaka chini ya sheria ya mwaka 2004 ya kuja kukagua, na serikali ya kijiji inaweza kuliandikia yenyewe. Ninyi wafundisheni namna ya kuandika, msiandike kwa niaba yao.

Hapa kwenye kuchimba nitakaa kidogo, maana ndipo fedha hupotelea bila mtu kuiba.

Sharti kwamba kila shilingi iingie kwenye vyuma na saruji linasikika vizuri kwenye hotuba. Lakini hakuna kiwanda kinachokamua mafuta kwa vyuma peke yake. Kina dereva, mlinzi, mpima ubora na karani wa mizani, na bidhaa yake isingefika sokoni bila wao. Wizara ya Maji ilipochora ramani ya vituo vya maji vijijini, mwanzoni mwa muongo uliopita, zaidi ya theluthi moja ya vituo vilikutwa havifanyi kazi. Vyuma vilikuwepo. Wewe unajua kuliko mimi kilichokosekana: mtu wa kukusanya shilingi hamsini ya ndoo bila kuila, fundi wa kijiji mwenye spana, akaunti yenye akiba ya kununulia mpira.

Tena Singida ina mambo yake. Ni nchi ya miamba mikubwa, na kisima kinaweza kuchimbwa mita mia kikatoka kikavu. Katika rasimu yao sijaona ulipotaja nani anabeba gharama hiyo. Ikiwa mchimbaji analipwa kwa mita na shimo la kwanza likakosa maji, milioni kadhaa zitakuwa zimezama ardhini, Desemba inakaribia, na kishawishi kitakuwa ni kuchimba la pili popote gari linapofika. Andikeni wazi kwamba utafiti wa maji chini ya ardhi utafanywa kwanza, kwamba shimo kavu ni gharama ya mfadhili hadi idadi mtakayokubaliana, na kwamba mahali pa kuchimba patachaguliwa na utafiti pamoja na mkutano wa kijiji, si kwa kuwa panaonekana vizuri kutoka barabarani.

Halafu kuna floridi, madini yanayoyeyuka ndani ya maji. Umewaona watu wa kanda yenu, na wa Arusha na Manyara vile vile, wenye meno ya rangi ya chai tangu utotoni, ambao wakicheka hufunika mdomo kwa kiganja. Hayo ni maji. Shirika la Afya Duniani linapendekeza floridi isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Ikizidi sana kwa miaka mingi hupita meno ikafika kwenye mifupa. Kuchemsha hakuiondoi, bali huizidisha, kwa kuwa maji hupungua nayo hubaki. Kisima chenye pampu ya sola, tangi jipya na kibao cha uzinduzi kinaweza kuwa kinatoa maji yasiyofaa kunywewa na mtoto, na hakuna atakayejua kwa kuyaonja. Kwa hiyo sampuli ipelekwe maabara ya maji kabla pampu haijanunuliwa, na mkataba useme kitakachofuata majibu yakiwa mabaya. Kwa kuwa korongo liko jirani, ombeni maabara iangalie pia dalili za uchafuzi kutoka juu, na majibu hayo yasomwe mkutanoni kwa sauti.

Sheria nayo ina njia yake. Kibali cha kuchimba hutolewa na Bodi ya Maji ya Bonde la Kati, ambayo makao yake yako hapo hapo Singida, na mchimbaji awe mwenye leseni. Baada ya Sheria ya Huduma za Maji na Usafi wa Mazingira ya mwaka 2019, skimu ya kijiji huendeshwa na chombo cha watoa huduma ya maji ngazi ya jamii, chini ya usimamizi wa RUWASA, yaani Wakala wa Maji na Usafi wa Mazingira Vijijini. Kiwanda hakiwezi kukabidhi kisima kwa mwenyekiti wa kijiji kama anayekabidhi jezi za mpira. Meneja wa RUWASA wa wilaya aingie mezani sasa, wakati rasimu bado ni rasimu, wala asisubiri kuitwa kukaa meza kuu siku ya shughuli.

Ukizijumlisha kazi hizi zote, vikao, sampuli, mafunzo ya kamati na ya mafundi wawili kwa kila kijiji, safari moja ya ufuatiliaji kila mwezi kwa mwaka mzima, na sehemu ya mishahara ya wanaozifanya, mimi ningeomba si chini ya milioni 8 katika hizo 65, ambazo ni kama asilimia 12. Msiziite gharama za utawala, kwa kuwa neno hilo huwatisha wafadhili bila sababu. Ziandikeni moja moja kwa majina yake: lita za petroli, idadi ya safari, bei ya sampuli, siku za kazi za mtu. Mjumbe wa bodi ya kampuni anayekataa "utawala asilimia 12" hupata shida kukataa "kupima maji watakayokunywa watoto". Na wakisema fedha haitoshi, wajibuni kwamba mko tayari kwa kisima kimoja. Najua mwenyekiti wenu atapiga meza. Lakini mimi ningechagua kimoja kinachotoa maji mwaka wa tano kuliko viwili vinavyotoa picha mwaka wa kwanza, na ningewaambia wanakijiji hivyo hivyo.

Kuhusu tarehe 15 Desemba, jaribu kumwelewa afisa anayekusukuma. Katika kampuni nyingi bajeti ambayo haijatumika mwaka wa fedha unapofungwa hurudi kapuni, na mwakani hupunguzwa. Niliwahi kununua madawati mia moja na hamsini katika wiki ya mwisho ya Desemba kwa sababu hiyo tu, na shule iliyoyapokea ilikuwa inahitaji paa. Hapingani nanyi, anaikimbia kalenda. Msaidieni: mkataba usainiwe na awamu ya kwanza ilipwe kabla ya Desemba, kwa mfano asilimia 40 wakati wa kusaini, 40 baada ya majibu ya maabara na jaribio la wingi wa maji, na 20 baada ya kisima kufanya kazi miezi mitatu. Shughuli ya Desemba iwe ya kuzindua kazi. Mgeni rasmi atapata jiwe lake la msingi, waandishi watapata maji yanayoruka kutoka kwenye bomba la majaribio ikiwa uchimbaji utakuwa umefika huko, na hiyo, amini maneno yangu, ni picha nzuri kuliko utepe. Gharama za shughuli ziwe juu ya kampuni, nje ya milioni 65, na hilo liandikwe kwa herufi zisizohitaji miwani.

Picha za watoto hazihitaji maneno mengi. Sura na jina la mwanafunzi ni taarifa binafsi, nazo zinalindwa na sheria ya mwaka 2022. Pasipo ridhaa ya maandishi ya mzazi, asiyeitwa kusaini akiwa kwenye foleni ya maji, zisitumike. Pigeni picha za bomba, za fundi, za kamati iliyokubali. Majina ya watoto hayaongezi ubora wa mafuta ya alizeti.

Jambo moja la kiofisi ambalo asasi nyingi hulisahau: kwa kanuni zilizotolewa mwaka 2018, mkataba wa ufadhili unaozidi shilingi milioni 20 huwasilishwa kwa Msajili na Hazina ndani ya siku 10 tangu kusainiwa. Milioni 65 zimo humo. Waambieni kiwanda mapema kwamba nakala itakwenda huko. Utashangaa jinsi kipengele cha 9 kitakavyolainika wakijua kuna macho mengine yatakayokisoma.

Nabaki na mzee wako, mwenyekiti. Usimshinde kwa hoja mbele ya bodi, kwani mtu aliyeongoza shule kwa miaka mingi hasahau kushindwa mbele ya vijana. Mfuate nyumbani jioni, shikamoo kwanza, umwombe akusaidie kuandika barua ya kujibu kiwanda. Ile methali yake inamhusu mtu asiye na la kufanya mbele ya mkono wenye nguvu, ilhali ninyi mmekaa mbele ya watu waliorudi wenyewe, baada ya kuwalipa pungufu mara ya kwanza, kwa kuwa hawana mlango mwingine wa kuingilia vijiji vile. Mwoneshe pia hatari iliyo juu ya jina lake, kwa kuwa ndiye atakayesaini pamoja nawe. Kuhusu wanawake wanaoamka saa tisa usiku yuko sahihi kabisa, na ndiyo maana maji yao yapimwe.

Kwa hiyo jibu langu kwa swali lako ni kwamba mkubali, lakini si rasimu hii. Mna mambo mawili ya kutoyaachia hata mkitishwa kwamba mradi utapelekwa kwa asasi nyingine, nayo ni stakabadhi na kipengele cha 9. Kiwanda kikisimama hapo, rudini nyuma, muwaeleze wanakijiji sababu kwa utulivu, na muisaidie jumuiya yao kupeleka maombi RUWASA. Mengine yote, tarehe, idadi ya visima, ukubwa wa nembo kwenye tangi, ni ya kuzungumzwa, na nembo kwa kweli waacheni waiweke kubwa wanavyotaka.

Na miezi minne ya mishahara msiitarajie humo. Fedha za mradi mpya zilipe kazi ya mradi mpya. Deni la nyuma lipelekeni kwa bodi kama ajenda inayojitegemea, pamoja na zile milioni 12, ambazo mna haki ya kuuliza kwa maandishi kwa nini ziliandikwa kwenye hundi kama hazikuwa zenu.

Ule ubao uondoeni dirishani wiki hii. Upigeni picha, tarehe na kiasi vionekane, kisha uwekwe stoo mpaka mkaguzi aje. Kioo kipya cha dirisha kiingizeni kwenye bajeti ya ofisi.

Mshauri